Chakula Kilichovishwa Taulo

Muuza mayai, jirani wa mlango wa pili, alidai ameona kwa macho yake mawili. Alikuwa akipita nyuma ya kiwanda cha kushona sare, trei zake kichwani, saa ya mapumziko ya mchana. Akamwona mama yake Chiriku akifungua kopo la chakula, akalinusa, kisha akakimwaga chakula chote kwenye pipa la taka.

"Tena akacheka na wenzake, mwanangu," alisema huku akipangusa mayai kwa kitambaa. "Halafu mmoja akamletea sahani imejaa pomoni. Mimi simo. Nimesema nilichokiona."

Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo aligeuka akaingia ndani bila hata kuaga.

Ilikuwa likizo. Shule zilikaribia kufunguliwa na sare zilitakiwa kwa wingi, kwa hiyo mama alitoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi Chiriku ameshapitiwa na usingizi kwenye kochi. Akiamka, alijikuta amefunikwa blanketi lenye harufu ya mafuta ya cherehani. Basi, hapo ndipo alipojua kuwa mama alirudi.

Kwa hiyo kopo la chakula lilikuwa ndiyo mazungumzo yao. Jioni Chiriku alipika wali na maharage. Alfajiri aliyapasha kidogo, akajaza kopo, akabana kifuniko, kisha akalivingirisha kwa taulo mbili. Alitaka mama akifungua, mvuke umguse uso, ajue kuna mtu nyumbani anamwaza. Mlangoni mama alisema, "Ahsante, mwanangu," akaenda zake. Maneno hayo mawili Chiriku alishinda nayo kutwa nzima.

Sasa leo aambiwe chakula chake kinaishia pipani?

Kesho yake mchana alikwenda mwenyewe hadi kiwandani. Nyuma ya jengo palikuwa na mabenchi chini ya paa la bati, na mafundi walikuwa wanakula, nyuzi za rangi zimewaganda nyweleni. Mama alikaa pembeni. Alifungua taulo ya kwanza, akafungua ya pili, akainua kifuniko, akanusa. Akatazama huku na kule. Kisha akainuka polepole, akakimwaga chakula, akaenda bombani kunywa maji. Akanywa kikombe kimoja, akaongeza kingine. Hakucheka hata kidogo.

"Mama!"

Kikombe kilimponyoka. "Chiriku! Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu. Chakula changu ni kibaya?"

"Kitamu, mwanangu. Nimeshiba hapa, sijiwezi."

"Umekimwaga. Nimekuona."

Mama akainama kuokota kikombe. Hapo akajitosa mwanamke mnene aliyekuwa benchi la jirani, mshona vifungo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi Vifungo.

"Haya, shoga yangu, ukweli umekuja kwa miguu yake! Kila siku nakukaribisha viazi, unakula viwili kwa haya kama bibi harusi, unasingizia umeshiba. Leo mdanganye na huyu."

Chiriku akaelewa kuwa ile sahani ya muuza mayai ilikuwa imetiwa chumvi. Mama yake alikuwa akishona kutwa na tumbo la maji.

"Nakuona unavyoamka gizani," mama alisema taratibu. "Ningekwambiaje kwamba kimechacha?"

Shangazi Vifungo alilichukua kopo tupu, akalinusa, akakunja pua. "Maharage uliyapika lini?"

"Jana jioni, Shangazi."

"Yakalala wapi?"

"Jikoni, kwenye sufuria."

"Yamelala vibaya kuliko mlevi! Na taulo za nini? Chakula kina homa?"

Mafundi wakacheka. Chiriku akainamisha kichwa. "Nilitaka kimfikie cha moto."

Shangazi Vifungo akaacha kucheka, akamkalisha karibu naye. "Hakifiki cha moto, mwanangu, kinafika vuguvugu. Na kwenye uvuguvugu ndiko vijidudu hufanyia harusi. Sikiliza. Chemsha viazi asubuhi ile ile, viache vipoe ndipo ufunike. Yai la kuchemsha usilimenye, ganda lake ndilo kopo lake. Tia na karoti. Siku nyingine mkate na karanga, basi. Ni rahisi, na huna sufuria ya kusugua. Wali na maharage mtakula nyumbani, vikitoka jikoni."

Aliposikia "mtakula," Chiriku alimtazama mama. Mama alikuwa akikunja taulo.

"Na wewe, shoga," Shangazi akaendelea, "anayekupenda mwambie ukweli. Ukimfichia kosa, atalirudia kesho, na njaa itakuwa yako."

"Kweli," mama alijibu. Akamshika Chiriku mkono. "Nilidhani nakulinda, kumbe nakunyima kujua. Siku nyingine nitakwambia. Na wewe ukiambiwa jambo, fanya kama leo: njoo uniulize mwenyewe."

Kengele ikalia, cherehani zikaanza kunguruma, mama akaingia ndani.

Tangu siku hiyo kopo lilirudi na maganda ya yai tu. Mara nyingine lilirudi na vikonyo vya karoti, na Chiriku aliviangalia kwa furaha kabla ya kuvitupa. Mama hakushinda tena na njaa.

Lakini kochi la kumngojea mama usiku lilibaki vilevile, na blanketi vilevile.

Asubuhi moja, mama akiwa ameshika komeo la mlango, Chiriku akasema, "Mama, leo jioni rudi mapema. Nitapika wali, tule wote ungali wa moto. Mimi na wewe. Utakuja?"

Nje, Shangazi Vifungo alikuwa akikohoa, akisubiri waende kazini pamoja. Mama aliachia komeo, akarudi, akainama mbele ya Chiriku. Akamnyoosha kola ya gauni upande mmoja, kisha upande wa pili, ingawa ule wa pili ulikuwa umekaa sawa. "Sijui kama wataniruhusu, mwanangu," alisema, "lakini leo nitaomba."