Kivuko Kipi?

Kila asubuhi Sindano ndiye aliyemwamsha mdogo wake, na kila asubuhi mdogo wake alidai kwamba ndiyo kwanza amelala. Walivutana blanketi, wakagombania kikombe chenye mpini, mpaka mama yao apaze sauti kutoka kwenye cherehani yake barazani: "Nyinyi, kengele ya shule haimngoji mtu!" Mama alikuwa fundi wa nguo, lakini majirani walisema binti aliitwa Sindano kwa sababu ya ulimi wake, si kwa sababu ya kazi ya mama. Mdogo wake aliitwa Bonge, ingawa alikuwa mwembamba kama uzi.

Lakini asubuhi moja hakukuwa na vita vya blanketi. Bonge alibaki kitandani, mguu wake wa kulia umefungwa plasta ngumu, na kikombe chenye mpini kilikuwa chake bila ubishi. Sindano alitoka peke yake.

Zamani mbele ya lango la shule palikuwa na kivuko, mistari minene myeupe ambayo watoto waliiita pundamilia. Kisha wakati wa likizo halmashauri ikaleta lami mpya. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana mashimo ya barabara ile yaliweza kummeza mbuzi. Lakini lami iliifunika mistari yote, na hakuna aliyerudi kuichora. Magari yaliyokuwa yakijikokota sasa yalipita mbio.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile, Bonge alifika pale pale palipokuwa na mistari, akainua mkono kama alivyofundishwa, akaingia barabarani. Pikipiki ikamgonga. Mwenye pikipiki hakukimbia; alilia pamoja na mama. Lakini alipoulizwa kwa nini hakusimama kwenye kivuko, alijibu, "Kivuko kipi?"

Maneno hayo yalimkaa Sindano kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni hiyo alipotoka shuleni aliwakusanya wenzake wawili, wakabeba mawe na kuyapanga barabarani. "Wasiposimama kwa heshima, watasimama kwa mawe," alisema, akijiona jemadari. Wa kwanza kufika hakuwa dereva wa gari. Alikuwa muuza mikate kwenye baiskeli yake. Alijaribu kuyakwepa mawe, akaanguka, mikate ikatawanyika huku na huko. Wale wenzake wawili walikwisha toweka. Sindano alibaki peke yake, akiokota mikate huku machozi yakimtoka kwa aibu.

Mama alikuja mbio, sentimita yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimwinua muuza mikate, akamwomba radhi, kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu baba amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Lakini nani atafanya kitu? Wewe umekwenda halmashauri mara mbili, wakakwambia njoo kesho!"

"Hasira yako ni ya haki, ila umemchoma asiyehusika," mama alisema. "Barabara hii ina mwenyewe. Kuchora kivuko na kukitunza ni kazi ya halmashauri, wala si hisani. Ukitaka kuchoma, mchome mwenye kazi. Na umchome kwa ukweli, si kwa mawe. Sasa ondoa hayo mawe."

Siku chache baadaye, mwenye kazi alikuja mwenyewe. Afisa wa barabara wa halmashauri alikuwa amesikia habari za ajali, akafika shuleni kuwaonya watoto. Alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa. Alisimama mbele ya wanafunzi wote waliopanga mistari uwanjani.

"Watoto siku hizi mnakimbia ovyo barabarani," alisema. "Kivuko mmewekewa, hamkitumii. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Baadhi ya watoto walicheka. Sindano hakucheka. Alinyosha mkono, na kabla hajaruhusiwa akasema:

"Ndugu yangu alisikia la mkuu. Alitafuta kivuko, akainua mkono, na guu likavunjika. Naomba kuuliza, kivuko kipi?"

Mwalimu wa zamu alimkonyeza akae kimya. Sindano hakuondoa macho kwa afisa.

"Wewe binti, una adabu kweli?" afisa aliuliza. "Kivuko kipo hapo nje ya lango."

"Basi tunaomba ukatuoneshe."

Afisa alicheka kidogo, akaelekea langoni, shule nzima nyuma yake. Alitazama lami. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeangusha funguo. Kwa kuwa hakutaka kushindwa na mtoto, aliinua mkono na kushuka barabarani. Lori likapiga honi, likafunga breki, naye akaruka kurudi nyuma, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Mzee, unavuka wapi hapo?" dereva alifoka.

"Kwenye kivuko!"

"Kivuko kipi?"

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Afisa alikichukua kiatu chake, akapangusa jasho. "Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Tuliweka lami, tukasahau mistari. Tutashughulikia hivi karibuni."

"Hivi karibuni ni siku gani?" Sindano aliuliza. "Mama yangu bado anangoja kesho yenu."

Alidhani sasa ataadhibiwa. Lakini mwalimu mkuu, mama mmoja ambaye hata walimu walimwogopa, alikuja akasimama kando yake. "Mtoto amekuuliza swali, bwana afisa, na mimi pia nangoja jibu. Walimu watasimamisha magari hapa mpaka rangi ije. Nami nitakupigia simu kila asubuhi kabla hujanywa chai."

"Alhamisi," afisa alisema haraka.

Alhamisi mafundi walikuja na rangi nyeupe, wakaweka na kibao cha alama upande huu na upande ule. Afisa mwenyewe alisimamia, akiwa mbali kidogo na barabara.

Siku Bonge aliporudi shuleni na magongo yake, mama aliwasindikiza. Muuza mikate alipita, akampungia Sindano mkono, naye akainamisha kichwa kwa haya.

"Sikilizeni, wanangu," mama alisema walipofika ukingoni. "Rangi hufutika. Siku mtakapoiona inaanza kufifia, msingoje mtu avunjike mguu. Nendeni kwa mwenye kazi, mseme kweli, na akiwaambia kesho, mwulizeni ni siku gani. Huko si kukosa adabu. Ni kudai haki yenu."

Wakaanza kuvuka. Magari yalisimama. Bonge alikwenda polepole, na Sindano, aliyemjua vizuri, aliona kwamba nusu ya kuchelewa kule ilikuwa ya makusudi. Nyuma kabisa dereva mmoja akakosa subira, akapiga honi.

Bonge alisimama katikati ya barabara, akaegemea gongo moja, na kwa lile la pili akagonga mstari mweupe mara mbili.

"Kivuko hiki!" alisema.