Macho Chini

Jua lilikuwa linazama shangazi aliponituma. "Kamwambie kaka yako amalize beseni la mwisho. Barafu inayeyuka."

Chumba chetu cha kupasulia samaki kina mlango mmoja, meza moja, sakafu ya saruji. Kaka alikuwa amebakiza samaki mmoja. Gayogayo. Bapa kama wayo, macho yote mawili upande mmoja. Hujilaza mchangani, akageuka rangi ya mchanga, akangoja huku akitazama juu. Ndiyo maana shangazi ana sharti: gayogayo hulazwa macho chini ndipo akatwe. Asimwone anayemuua.

Kaka alimlaza macho juu.

"Shangazi atakasirika."

"Shangazi naye! Huyu akiniona atanishtaki kwa nani, mdogo wangu? Kwa pweza?"

Akashusha kisu. Samaki hakufa. Jicho moja lilifuata kisu, la pili lilimfuata kaka. Kaka akachoma tena. Na tena. Na tena. Damu ikaruka ukutani.

"Unanitazama nini?"

Akalichimbua jicho moja kwa ncha, akalitupa sakafuni, akalikanyaga.

Pwaa.

Kisu kikamponyoka. Niliinama kukiokota. Nilipoinuka, kaka hayupo. Na mlango ni ule mmoja, nami nilikuwa nimeuziba. Harufu ya tope ikanijaa puani...

"Kaka?"

Mnong'ono ukatoka chini. "Mdogo wangu... unanikanyaga."

Saruji ikapumua.

Saruji ikafumbua macho. Mawili. Upande mmoja.

Mkono wa kijivu ukanikamata kifundo cha mguu, ukanibwaga. Jino langu likavunjika kwenye ukingo wa meza. Niliinua kisu.

"Usimchome!" Shangazi, mlangoni. "Ni kaka yako! Mgeuze! Macho chini!"

Tukapenyeza vidole chini yake, tukavuta. Kucha zangu ziling'oka. Kile kiumbe kikabanduka sakafuni kwa sauti ya ngozi inayochunwa, kikapinduka. Upande wa chini ulikuwa mweupe pe. Kisha ukapigwa ukelele, na ukelele ulikuwa wa kaka.

Yu hai. Jicho la kushoto halipo. Daktari hakuona kidonda. Ngozi laini tu, kana kwamba hapo hapakuwahi kuwa na jicho.

Samaki tulimkuta mezani, anahema. Macho mawili. Moja lilikuwa na kope.

Shangazi alimlaza macho chini, akanipa kisu. Nitakataje jicho la kaka? Nilimrudisha baharini.

Sasa, kila jioni, kaka hulifunika jicho lake zima kwa kiganja.

"Unaona nini, kaka?"

"Mchanga," hunong'ona. "Na nyayo za watu... Zinakuja."

Na hutabasamu.