Sababu Zote, Si Nusu

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika hadi mlangoni, mashine zikinguruma, watu wakipitishiana karatasi juu ya vichwa. Fundi wa mapazia, gauni lake la bluu limegandwa na nyuzi, alifika barabarani ndipo akagundua ameondoka na karatasi za mtu mwingine. Alipogeuka, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi alikuwa anamkimbilia, anahema.

"Dada, mimi sishoni mapazia," alisema, akimnyooshea mchoro wa dirisha.

"Na mimi si afisa wa kodi," fundi alijibu, akitazama karatasi aliyoshika. "Mungu apishe mbali!"

Wakacheka. Haikupita wiki, wakawa wanapigiana simu kila mchana.

"Afisa wangu, umekula?"

"Sijala. Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Tumbo lako nalisikia hadi huku."

Miezi ikapita, fundi akamfungulia moyo. Alimsimulia alivyoanza na cherehani ya kuazima, na alivyoshona, miaka mitatu iliyopita, mapazia ya hoteli nzima, vyumba themanini, hata shangazi yake aliyemlea akasahau kumuuliza ataolewa lini.

Ndipo barua ikaja. Makadirio yake ya kodi ya mwaka ule wa hoteli yalikuwa yamefunguliwa upya. Mstari mmoja na muhuri, basi. Damu ikamchemka. Nani mwingine alijua habari za hoteli?

Akapiga simu. "Ni wewe uliyenichongea?"

Afisa alishusha sauti. "Mpenzi, jambo hilo siruhusiwi kulizungumzia. Ila usilipe kabla hujaambiwa kwa nini. Ni haki yako kupewa sababu. Zote, si nusu."

"Mpenzi wako nani?" Akakata simu, akalia juu ya kitambaa cha mteja.

"Lipa, mwanangu, yaishe," shangazi alimsihi.

"Nikilipa nimekiri kuwa mwizi, shangazi. Sijaiba hata sindano."

Asubuhi akavaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, akaenda ofisi ya kodi.

"Kuna taarifa mpya," alisema mama wa dirishani bila kuinua macho.

"Taarifa gani? Imetoka wapi? Kwa nini leo?"

"Dada, wenzako hulipa tu."

"Nitalipa nikielewa. Niandikieni."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Kisha mzee mmoja muuza vyuma akapaza sauti nyuma kabisa: "Na mimi niandikieni!"

Fundi alirudi mara tatu. Mara ya nne akakabidhiwa kurasa sita, akaanza kuzisoma palepale, wima. Kumbe hoteli ilikuwa imeripoti kazi yake mara mbili, kana kwamba alilipwa mara mbili kwa kila dirisha. Akatoa mkataba wake kwenye mkoba. Msimamizi wa ofisi akalinganisha, akajikuna kichwa, akaandika kwamba makadirio ya awali yanabaki yalivyo, akatia sahihi.

Fundi akaendelea hadi ukurasa wa mwisho. "Afisa aliyepangiwa faili hili alijiondoa siku hiyohiyo alipolipokea, kwa kuwa anakusudia kumuoa mlipakodi."

Akausoma tena. Akatoka hadi chini ya ngazi, akapiga simu.

"Umeniposa kwa barua ya serikali?"

"Nilitakiwa kueleza kwa nini najiondoa, nikasema kweli. Maneno matamu nilikuwa nakuwekea."

"Si ungeninong'oneza hata neno moja!"

"Ningekunong'oneza, watu wangesema umebebwa na mchumba. Sasa jengo zima linajua umejisimamia mwenyewe. Huku juu wanakusifu tangu asubuhi, na mimi natembea kifua mbele kama aliyeshinda ni mimi."

"Nilikudhania mchongezi. Nisamehe."

"Nimeumia, lakini nimekusamehe zamani."

"Uko wapi?"

"Ghorofa ya pili."

"Shuka. Shuka watu wote wakuone."

Akashuka mbiombio, tai imepinda. Fundi akamnyooshea taratibu.

"Ndiyo," alisema, kabla hajaulizwa.

Akamshika mkono, wakapita katikati ya ile foleni, fundi ametangulia hatua moja, kichwa juu.