Somo la Salamu

Evelina alikwenda soko la Majengo kununua karanga, akarudi na mwanamume. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, na kila mwenye robota la mitumba akajiita mkurugenzi. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooka pasi, tai nyekundu imemkaba shingo juani, akibishana na bibi wa Kigogo aliyekaa nyuma ya gunia lake.

“Bibi, nimeikubali bei yako yote. Niuzie basi!”

“Siuzi,” bibi alijibu, akageuza uso.

Evelina alicheka hadi khanga ikamteleza begani. Akachuchumaa, akamsalimia kwa Kigogo. “Mbukwenyi, bibi. Mmeamkaje huko? Mvua imewafikia?”

Bibi akaeleza habari za mvua, za mbuzi aliyepotea, za mjukuu mwenye surua. Kisha akapima karanga na kuongeza konzi nzima juu.

“Umempa dawa gani?” kijana aliuliza.

“Nimemsalimia. Wewe umemwendea kama dirisha la kulipia maji.”

Jina lake Wambura, mtu wa Musoma, mwalimu mpya wa uhasibu katika chuo kilekile cha biashara alikofundisha Evelina.

“Kumbe ndiye wewe unayewasomesha hadithi wanafunzi wa mizania?”

“Ndiye mimi. Kesho watawakopesha watu, watawaajiri, watawafukuza kazi. Si wawajue kwanza?”

Mapenzi hayakuchelewa. Wambura alianza kuketi nyuma darasani kwake, akisikiliza saikolojia na hadithi. Alifuatana na darasa hata mnadani, ambako Evelina aliwakataza wanafunzi kuuliza bei ya ng'ombe yeyote. Kila mmoja alitakiwa kurudi na habari za mtu mmoja. Wambura aliposafiri kwenda Dar, alimpigia Evelina simu kupitia ofisi ya katibu muhtasi wa chuo.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Sema haraka, natolewa macho hapa.”

“Nikisema haraka utadai sijasalimia.”

“Haya, nisalimie.”

“Mbukwenyi, mke wangu mtarajiwa.”

Evelina alicheka mpaka katibu muhtasi akacheka naye.

Kisha chuo kikaambiwa kijitegemee. Kikao kikaketi, kikaamua kwamba saikolojia na fasihi ni anasa kwa mfanyabiashara. Wambura alikuwamo.

“Nilinyamaza, kipenzi,” alimwambia usiku ule. “Ningekutetea wangesema ni mapenzi.”

Ilimuuma, lakini akameza. Alirudi kwao Mpwapwa kufundisha sekondari, akisubiri posa aliyoahidiwa.

Muhula mpya ulipoanza alirudi chuoni kuchukua vitabu vyake. Alipokaribia darasa lake la zamani alisikia sauti aliyoizoea, akasimama dirishani.

“Bibi amekataa kukuuzia,” Wambura alikuwa akisema mbele ya wanafunzi. “Usibishane. Chuchumaa. Muulize habari za mvua, muulize habari za mjukuu. Mtu akiulizwa habari za mjukuu, mkono hulegea. Hapo sasa ndipo utaje bei yako.”

Darasa lilicheka, kalamu zikakimbia.

“Mbinu za Mauzo,” katibu muhtasi, aliyemfuata dirishani, alimnong'oneza. “Lilichukua nafasi ya somo lako. Hukujua, dada? Mwenyewe ndiye aliyelipendekeza kikaoni.”

Evelina aliondoka bila vitabu.

Jumapili iliyofuata Wambura alifika Mpwapwa, suti ya kahawia, viatu vinang'aa juu ya vumbi, kuwatangulia washenga wake. Mama yake Evelina, mjane, alikuwa uani akichambua mlenda. Wambura akachuchumaa.

“Mbukwenyi, mama. Mmeamkaje? Mvua imewafikia?” Akasikiliza mpaka mwisho. “Na yule mjukuu ambaye Evelina aliniambia anaumwa kifua, amepona?”

Mama alifuta macho kwa upindo wa khanga. Tangu afiwe, ni wangapi waliokuwa wakimuuliza habari zake? “Evelina! Leta kiti! Mkamateni jogoo!”

Evelina alisimama mlangoni. “Haya, Wambura. Sasa taja bei yako.”

Wambura aliinuka polepole. “Mpenzi...”

“Nilikuwa dirishani ulipokuwa ukifundisha.”

“Lile ni darasa tu, Evelina. Nilitaka walau kitu chako kimoja kibaki pale. Nakupenda, Mungu shahidi.” Machozi yakamtoka.

Evelina aliyatazama machozi yale. Huenda yalikuwa ya kweli. Miaka yote aliwafundisha watu kumsoma mtu, na huyu ndiye alikuwa mwanafunzi wake bora kuliko wote, ndiyo maana hakuweza kumsoma. Hilo lilimchoma kuliko ule uongo wake kuhusu kikao.

“Nami nakupenda,” alisema. “Lakini kila utakaponiuliza kama nimekula, nitajiuliza unataka nini. Siwezi kuishi hivyo. Nenda.”

Wambura alimuaga mama kwa mikono miwili, akashika njia ya stendi.

“Mwanangu una wazimu?” mama alilia. “Mtu mwenye adabu vile! Hata kifua cha mjukuu wangu alikikumbuka!”

Evelina akakaa chini, akavuta ungo wa mlenda mapajani.

“Alikumbuka kila kitu, mama,” alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.