Unga wa Tupa Kidondani

Gari lilikuwa limeshatoka uchochoroni, na mke wa sonara, aliyeketi nyuma pamoja na mumewe, bado alikuwa akipiga kelele kupitia dirisha la gari. Alikuwa anamwambia jirani aanue nguo zikikauka. Sonara mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya mto. Mbele, kando ya dereva, alikaa kinyozi, kaka wa mkewe. Kinyozi alikuwa ametoa kichwa nje.

"Shemeji, unatafuta nini huko?" sonara akauliza.

"Hewa, shemeji. Harufu ya mguu wako imeshatutangulia. Tukifika hospitali tutakuta imetuandikisha."

Dereva akacheka. Sonara naye akacheka kidogo. Mke hakucheka.

"Chekeni tu," akasema. "Miezi minane mtu anafunga matambara, kila nikimwambia twende ananijibu kesho. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Ilikuwa kweli. Miezi minane nyuma, tone la fedha iliyoyeyuka lilimdondokea sonara juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya harage. Akanunua vidonge dukani. Siku ya tatu kikakauka, akaacha kumeza. Kikarudi. Akanunua vingine, akaacha tena. Mara ya tatu akapasua vidonge vyenyewe na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Sasa kilikuwa na upana wa kiganja cha mtoto. Majirani walishakipa jina lake: kidonda ndugu, kile kisichotaka kuachana na mtu.

Maumivu aliyazoea. Kilichomtia hofu ni maneno ya tabibu wa zahanati: "Nenda hospitali kubwa. Kama ugonjwa umeingia kwenye mfupa, mguu utakatwa."

Mguu huo wa kulia ndio aliokanyagia mvukuto. Mkono mmoja hushika bomba la moto, wa pili hushika koleo, na mguu husukuma hewa. Kazi hiyo aliifanya tangu ndevu hazijaota. Hakujua nyingine.

Hospitali wakapelekwa chumba cha vidonda. Muuguzi wake alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Akanawa mikono, akavaa glavu, akafungua tambara polepole. Akainama. Akavuta taa karibu.

"Baba," akasema, "nimefungua vidonda miaka ishirini na mbili. Kinachometameta sijapata kuona. Umetia nini?"

Sonara akatazama dari.

"Fedha," akasema mwishowe.

"Fedha gani?"

"Madini, dada. Mimi ni sonara. Mteja mmoja aliniambia siku hizi hospitali wanatibu vidonda kwa madini ya fedha. Nikaona, ya nini kwenda mbali? Dawa iko mezani kwangu. Nikachukua tupa, nikasugua kipande cha fedha, unga wake nikautia kidondani."

Mkewe akasimama. "Kumbe ndiyo uliyokuwa unayafanya umejifungia mlango! Mimi nadhani unasali!"

"Ungetia na kito kimoja, shemeji," kinyozi akasema, "tukuvae kidoleni."

Muuguzi akauma midomo asicheke. Kisha akavuta kiti.

"Mteja wako hakusema uongo. Alisema nusu. Tupa hiyo, kabla ya fedha, ilisugua nini?"

"Shaba. Na lehemu ya kuungia."

"Basi umetia shaba, lehemu na uchafu wa meza. Halafu, unga wa tupa wewe unauona laini. Kwa bakteria, kila punje ni mlima. Wamepata mahali pazuri pa kujenga."

"Wanajenga?"

"Wanajenga. Mama, umewahi kupitisha kidole ndani ya ndoo ya maji iliyokaa siku nyingi bila kusuguliwa?"

"Inateleza," mke akasema.

"Ukimwaga maji, utelezi unaondoka?"

"Hauondoki. Mpaka usugue."

"Haya. Tazama hapa." Akagusa ukingo wa kidonda kwa kijiti chenye pamba. Ute wa kijivu ukavutika kama gundi. "Huu ni utando. Bakteria wameutengeneza wenyewe, wamejibana ndani yake. Dawa uliyomeza ilifika hapa ikagonga ukuta. Waliokuwa nje wakafa. Wa ndani wakakaa wakisubiri uchoke."

"Na nilichoka," sonara akasema taratibu.

"Ulichoka mara tatu. Kila ulipokatisha dawa, waliokufa ni wanyonge. Wajeuri walibaki, wakazaana. Watoto wao sasa ni sugu. Ndiyo maana nitachukua ute kidogo upelekwe maabara. Tujue dawa gani bado inawatisha."

"Na mguu?"

Muuguzi hakumdanganya. "Mguu utasemwa na picha ya mfupa."

Wakakaa kwenye benchi la korido kusubiri picha. Mke alishika mkono wa mumewe, akawa anausugua kwa kidole gumba, kama anafuta doa. Sonara aliwatazama watu wakipita. Aliitazama miguu yao tu. Viatu, kandambili, soksi za mtoto. Wote wakikanyaga bila kufikiri.

Daktari akatoka na picha mkononi.

"Mfupa mzima," akasema. "Ungechelewa zaidi nisingekuahidi kitu."

Sonara akautazama mguu wake. Mkewe akasema asante kwa niaba yake, mara nne.

Walimlaza. Wakampiga sindano ya ganzi, daktari akakwangua ule utando wote pamoja na unga wa tupa, mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Kisha muuguzi akaleta kitambaa cha kijivu ndani ya pakiti iliyofungwa.

"Hii ndiyo nusu ambayo mteja wako hakuisema," akasema. "Ndani ya kitambaa hiki kuna fedha. Lakini ya kiwandani, safi, na ndogo mno. Chukua unywele mmoja. Upasue kwa upana vipande elfu moja. Kipande kimoja ndicho kinakaribia ukubwa wa chembe hizi. Wataalamu wanaziita chembe nano."

"Tupa gani inafanya hivyo?" sonara akauliza. Ufundi ulikuwa umemwamsha.

"Hakuna tupa, baba. Ni maabara. Chembe ikiwa ndogo hivyo, inaweza kupenya kwenye mabaki ya utando. Inaachia fedha kidogo kidogo. Fedha hiyo inatoboa ngozi ya bakteria na kuvuruga kazi zake za ndani. Inampiga pande nyingi kwa mara moja, kwa hiyo kumzoea ni vigumu."

"Vigumu, au hawezi?" mke akauliza.

"Swali zuri. Vigumu. Wapo wanaozoea hata fedha. Ndiyo maana hatuitumii ovyo, wala si kwa kila kidonda. Na bila kukwangua kwanza, isingetosha."

Kinyozi akasogea. "Sista, kuna mtu sokoni anauza maji ya fedha ya kunywa. Anasema yanasafisha damu."

"Usinywe. Fedha ikijaa mwilini, ngozi inageuka rangi ya majivu. Haitoki tena."

"Basi. Nani atanyolewa na kinyozi wa rangi hiyo?"

Siku ya tatu majibu ya maabara yakaja. Kati ya dawa sita zilizojaribiwa, nne hazikuwafanya kitu wale bakteria. Daktari akachagua moja kati ya mbili zilizobaki. "Siku kumi na nne," akamwambia sonara. "Si kumi na tatu."

Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kila siku ya tatu alirudi kubadilishiwa kitambaa. Siku ya tisa ya dawa kidonda kikawa kikavu, chekundu, hakina harufu. Asubuhi hiyo aliiacha dawa mezani.

"Nimepona, mama watoto. Tuwaachie wengine."

Mkewe akaja na glasi ya maji, akasimama mbele yake. "Meza."

"Lakini kimekauka."

"Kilikauka na mara ile. Na mara ile nyingine. Meza, niione ikishuka kooni."

Akameza. Akafungua mdomo aonyeshe, kama mtoto.

Wiki ya saba muuguzi alifungua kitambaa mara ya mwisho. Ngozi mpya ilikuwa imefunga, laini na nyepesi. Sonara akaitazama muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa muuguzi kwa mikono yake miwili.

"Dada, ningekuwa na maneno ningesema. Sina. Mungu akulipe. Ulinikuta mjinga, hukunifukuza."

"Wewe ndiye uliyesema kweli juu ya ile tupa. Wengi wanaficha, tunatibu gizani."

Sonara hakuuachia mkono.

"Mwachie, shemeji," kinyozi akasema. "Ana wagonjwa wengine."

Sonara alirudi kazini mwezi uliofuata. Siku hizi huvaa viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo. Kovu lake huwasha wakati wa baridi. Mkewe alikusanya vidonge vyote vilivyobaki ndani ya nyumba akavirudisha kwenye duka la dawa la hospitali. Kinyozi huchemsha vifaa vyake kila asubuhi na hulalamika juu ya bei ya mkaa. Muuzaji wa maji ya fedha alihama soko. Muuguzi alihamishiwa hospitali nyingine, na kila mwaka hupata barua fupi kutoka kwa familia hiyo. Mteja aliyesema nusu hakurudi tena, na hajui alichosababisha. Sonara ana miguu yote miwili.