Jiwe Lililotazama Barabara

Hilux nyeupe ilikata kona bila kupunguza mwendo. Tindo akailaza Yamaha yake nyeusi, akaifuata.

Risasi ikapita karibu na kofia yake.

"Tindo, unamwona?" Ilikuwa sauti ya Mkuu, redioni.

"Namwona mgongo tu."

"Usimwache. Na usimuue."

"Ungechagua moja, Mkuu."

Aliyekuwa ndani ya Hilux aliitwa Seremala. Aliuza bunduki, na bunduki hazina soko watu wakielewana. Asubuhi hiyo watu wa pande mbili za mto, waliochukiana tangu enzi za babu zao, walikuwa njiani kwa mabasi kuwakumbuka wafu wao pamoja, kwa mara ya kwanza, kwenye mawe ya kumbukumbu ya barabara ile. Idara ya usalama ilijua Seremala ametega bomu. Haikujua wapi.

Mama yake Tindo alikuwa kwenye basi la kwanza.

Mara baada ya daraja palikuwa na jiwe la kumbukumbu. Tindo alipolipita, macho yake yakadaka maneno: HAPA WALIPIGWA RISASI WAPIGA KASIA WALIOKATAA KUWAVUSHA ASKARI WA WAKOLONI.

Akafunga breki.

"Mbona umesimama?" Mkuu akafoka. "Anakuponyoka!"

"Nimelisoma jiwe."

"Umetumwa kusoma wewe?"

"Jiwe hili huwa halisomeki kutoka barabarani, Mkuu. Siku zote hutazama mto."

Mawe mengine yote ya barabara ile yalitazama magari, ili abiria wakishuka kuchimba dawa wapate cha kusoma. Hili hapana. Bibi yake Tindo, mjane wa mmoja wa wapiga kasia wale, aligombana na wakubwa mpaka wakasalimu amri. Maneno yatazame maji walimoangukia. Anayetaka kuyasoma ashuke garini, azunguke, asimame ukingoni kama walivyosimama wao.

Watu wa Seremala walikuwa wameling'oa, wakalitoboa ndani, wakalirudisha jinsi mawe mengine yanavyokaa.

"Bomu limo ndani ya jiwe," Tindo alisema. "Zuia mabasi."

"Yameshapita kizuizi cha mwisho. Madereva hawapatikani kwenye simu. Wategua mabomu wako njiani."

"Basi nabaki hapa. Nawasha kizuia-mawimbi. Hutanisikia tena."

Kilikuwa kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara. Kikiwashwa, simu na redio zote za jirani zinakufa. Alikiweka chini ya jiwe, kwenye saruji ambayo bado ilikuwa mbichi, akazunguka upande wa mto.

Hapo akaona ufagio.

Kisha miguu.

Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyefagia pale kila asubuhi tangu alipostaafu. Walimnyonga kwa waya. Bila shaka aliwaambia wamelikosea. Mjomba hakuwa mtu wa kunyamaza.

Tindo alimfumba macho. Akachutama nyuma ya jiwe, Glock mkononi.

Seremala naye hakuwa mjinga. Aliona aliyemfukuza amesimama kwenye jiwe, akajaribu kumlipua nalo kwa simu. Simu haikuita. Akageuza gari.

Mlango wa Hilux ukafunguka. Viatu vikakanyaga kokoto, upande wa maandishi.

"Toka tuongee, dada."

"Mzee mlimuulia nini?"

"Mdomo. Eti jiwe tumeliweka kinyume. Nani ana muda wa kumsikiliza mfagizi?"

"Ungemsikiliza, nisingesimama hapa."

Tindo alichomoza kwa pembeni, akampiga risasi ya goti. Mkuu alimtaka akiwa hai. Seremala akaanguka chini, lakini mkono wake ukautafuta waya wa bomu uliochomoza kwenye saruji.

Risasi ya pili haikuwa ya goti.

Mabasi yalikuwa yanaingia darajani. Tindo alisimama katikati ya barabara, mikono juu, kioo cha kofia kimefungwa. Basi la kwanza likasimama kwa kishindo. Nyuma yake ving'ora vya wategua mabomu vilikuwa vinakaribia.

Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani.

"We askari! Nani kaligeuza jiwe letu?"

Tindo hakujibu. Mama yake aliamini binti yake anauza vipuri nchi ya mbali, na sauti ile angeitambua hata usingizini.

"Mwiteni kaka yangu. Yuko hapo chini anafagia. Yeye ndiye anayejua linavyokaa."

Tindo aliitikia kwa kichwa.

Wategua mabomu walipolizunguka jiwe, aliiendea pikipiki yake bila haraka. Wakazima kizuia-mawimbi, redio ikafufuka.

"Tindo? Mabasi?"

"Yamepona. Seremala amekufa, utanisamehe." Akaipanda pikipiki. "Kuna mzee wamemuua huku. Dada yake yuko basi la kwanza. Tafuta mtu mpole amwambie."

"Unamfahamu?"

"Waligeuze jiwe kabla hajashuka, Mkuu."

Akawasha Yamaha, akapita taratibu kando ya basi. Mama yake alimpungia mkono wa shukrani. Ndani ya kofia Tindo alikuwa analia, lakini kwa nje hakuna aliyeona kitu.