Mwewe wa Moshi na Taa wa Baharini

Kila asubuhi Awinja na mdogo wake Ayuma walivuka kijito kwa mawe, viatu mkononi, ndiyo wafike shule. Huo mwaka, jameni, miwa ilikuwa imeshika kila mahali pale karibu na Malava, hadi nyuma ya choo cha kanisa! Kila boma lilitaka redio na baiskeli kwa pesa ya miwa, na kila wiki kulikuwa na shamba la kuchomwa: filimbi ya kuonya watu ilie, majani makavu yaishe, nyoka watoroke, wakataji waingie.

Na wiki hiyo kulikuwa na habari moto! Mwalimu Shamsia alitafuta mtoto mmoja wa darasa la sita aende Bukura kwa maonyesho, alinganishe mwewe na taa, yule samaki bapa mkubwa wa baharini mwenye mabawa. Awinja aliitaka nafasi hiyo kuliko Krismasi.

Mwewe alimjua vizuri. "Moshi wa miwa ukipanda tu, mwewe wanakujanga kama wamealikwa," aliwaambia watoto wadogo wakati wa mapumziko. "Panya akitoka motoni, pap! Kucha mgongoni."

"Na taa je?" Ayuma akauliza. Alikuwa darasa la kwanza.

Awinja hakuwa ameona taa hata kwa picha. Lakini macho yote yalikuwa kwake. "Taa ni vilevile! Ana kucha kama jembe. Mvua ikinyesha anapanda mito. Hata kijito chetu anafikanga, anabeba mtoto kama kifaranga."

Watoto wakapiga mayowe. Awinja akacheka, akajiona ameshafika Bukura.

Kesho yake, baada ya mvua, Ayuma alitangulia kwenda nyumbani na rafiki yake Lazarus. Awinja alipofika kijitoni alimkuta Lazarus peke yake.

"Ayuma ako wapi?"

"Amekataa kuvuka. Ati taa atambeba. Amezungukia darajani, anapitia kwa miwa ya Mzee Were."

Awinja akainua macho. Juu ya shamba la Mzee Were moshi ulikuwa umeanza kupanda, na mwewe walikuwa wanazunguka.

Akatupa mkoba. Alikimbia hadi kifua kikawaka. "Mzee Were! Zima! Ayuma ako ndani!"

Mzee Were alikuwa ameshika mwenge wa majani makavu. Kona moja ilikuwa inawaka moto tayari. "Pigeni! Pigeni!" aliwaambia wanaume, nao wakaufinyilia moto kwa matawi mabichi. Awinja naye akavunja tawi, akapiga huku analia na kuita jina la mdogo wake.

Miwa ikatikisika upande wa chini. Ayuma akatokea, nywele zimejaa majani, kiatu kimoja.

"Wewe mtoto! Hukusikia filimbi?" Mzee Were akanguruma, huku anamtoa majani kwa nywele.

"Nilisikia, lakini sikujua njia. Nikaona mwewe juu. Nikajua moto uko huko, nikageuka."

"Na nani alikutuma kwa miwa?"

Ayuma akamtazama dadake. Awinja akafuta pua kwa mkono. "Ni mimi, Mzee. Nilidanganya kuhusu taa. Sijawahi kumwona."

Asubuhi alisimama mbele ya darasa akasema hivyo hivyo, na watoto wadogo wakaitwa wasikie. Mwalimu Shamsia, aliyesomea ualimu Mombasa, alimwacha amalize.

"Mimi nilimwona sokoni," akasema. "Mpana kuliko mlango huu! Lakini kucha hana. Mwewe anashuka, anashika. Taa huyo mkubwa anafungua mdomo tu, anakula vijidudu vidogo kama chembe za unga. Mmoja anapiga hewa kwa mabawa, mwingine anapiga maji. Na hicho kijito chenu hakimtoshi hata kugeuka."

Wadogo wakacheka kwa nguvu, na Ayuma akacheka kuwashinda wote.

"Mwalimu, sasa Bukura sitaenda?" Awinja akauliza chini chini.

"Utaenda. Utawaambia: mwewe nimemwona, taa nimeambiwa na mtu aliyemwona." Mwalimu akamshika bega. "Kutojua si aibu, mwanangu. Useme 'sijui', watu watakusaidia kutafuta. Lakini ukilifunika shimo kwa uongo, mtu anayekuamini ndiye atakayekanyaga hapo kwanza."